Fundi wa kuhamisha nyuki, Dodoma: nusu ya pesa analipwa majana yakionekana

Nianze na bei, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Kukamata kundi la nyuki lililotua kwenye mwarobaini nyumbani kwangu Nkuhungu, kuliingiza kwenye mzinga na kulipeleka shambani kwangu Mpunguzi, ni shilingi 180,000. Mzinga umo humo humo na unabaki kuwa wangu. Kirikuu cha kubebea nililipa mwenyewe pembeni. Nusu ya pesa nilituma kwa simu kabla hajaja. Nusu ya pili hulipi siku ya kukamata. Unalipa siku fundi atakapofungua mzinga mbele yako na kukuonyesha majana, yaani watoto wa nyuki. Nyuki wakihama kabla ya hapo, hasara ni yake. Sharti hilo alilitoa mwenyewe bila kuulizwa, na ndilo lililonifanya nimchukue yeye niwaache wenye bei ya chini.

Mimi ni fundi cherehani, nina chumba cha kushonea karibu na soko la Majengo. Nyuki si kazi yangu, ila ufundi naujua. Namjua fundi anayekukabidhi gauni limepigwa pasi likanyooka, ukiligeuza ndani mapindo hayajashonwa. Kwenye nyuki nao wapo. Mwanamke mmoja tunayesali naye aliletewa nyuki na mtu wa namna hiyo: boksi jipya linanuka rangi, likatuliwa juani juu ya matofali, picha zikapigwa, pesa ikalipwa yote. Kesho yake mchana boksi lilikuwa tupu. Alipompigia, yule mtu akamwambia, "Mimi kazi yangu ilikuwa kukamata, na nilikamata." Kwa kweli hakudanganya. Kuwakamata nyuki waliotua ni kazi ya nusu saa. Kuwafanya wakae ndiyo kazi, na ndiyo inayostahili kulipiwa.

Huyu wangu nilianza kumwamini kwenye simu. Baada ya shikamoo yake, hata kabla hajauliza niko mtaa gani, akauliza, "Mama, wamening'inia au wamejenga?" Sikumwelewa. Akafafanua: wamejikusanya fungu moja wanaonekana wenyewe kwenye tawi, au kuna masega? Akaniomba nimpigie picha kutoka mbali, nisiende chini ya mti. Picha ilipofika akasema, "Hao ni wasafiri. Usiruhusu mtu awatupie kitu."

Nyuki wakizidi kwenye mzinga wao, malkia mzee hutoka na sehemu kubwa ya kundi, nyumba anawaachia malkia mchanga na waliobaki. Wanaotoka hunywa asali ya kutosha kabla ya kuondoka, kisha hutua mahali pa muda, kwenye tawi au upenu wa nyumba, wakati wapelelezi wao wakitafuta makazi. Wapelelezi wakirudi hucheza juu ya migongo ya wenzao kuwaonyesha upande na umbali wa pale walipopaona. Mjerumani Martin Lindauer, mwanafunzi wa Karl von Frisch, ndiye aliyeichunguza michezo hiyo kwenye makundi yaliyotua, na von Frisch mwenyewe alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1973 kwa kazi zake zilizohusu lugha hiyo ya nyuki. Nyuki waliotua hivyo wameshiba, hawana masega wala majana ya kulinda, kwa hiyo ukali wao ni mdogo. Wakishajenga ni habari nyingine, na kwa huyu fundi bei ni nyingine. Nyuki wetu wa nyika si wa kuchezea wakiwa na watoto ndani.

Kijana wa jirani alikuwa ameshaleta dumu la petroli. Nilimwambia alirudishe kwenye pikipiki yake. Ukiona nyuki wamewavamia watu, hapo usitafute fundi, piga 114, hao ni Zimamoto. Wangu hawakuwa na ugomvi na mtu.

Sasa lawama ya kwanza. Aliniahidi saa tisa, akaja karibu saa kumi na moja. Nilipomuuliza akasema jioni ni bora, kwa sababu giza likikaribia wapelelezi wote wanarudi na hakuna anayeachwa nyuma. Baadaye nikaona ni kweli. Lakini kama ni kweli, basi sema saa kumi na moja tangu mwanzo, maana kundi la namna hiyo linaweza kukaa siku nzima na linaweza kuruka ukiwa unalitazama. Nilikaa na roho mkononi, na suruali za mteja hazikuisha siku hiyo.

Alikuja na mzinga wa viunzi vya juu, ule mrefu wa kulala, ambao viunzi ni vipande vya mbao vilivyopangwa juu na nyuki huning'iniza masega chini yake. Nilipouona nilinuna. Ulikuwa umetumika, ndani una madoa ya nta na gundi ya nyuki, mbao zimeingia weusi. Akaniambia ninuse. Ulinukia nta, na kwa mbali mchaichai, kwa sababu alikuwa amesugua majani yake kwenye mlango na kwenye kuta za ndani. Mchaichai una harufu iliyo karibu na ile ambayo nyuki wenyewe huitoa wakiitana, na mbao zilizowahi kukaliwa huwaambia kwamba hapa paliwahi kuishi wenzao. Mzinga mpya mweupe unampendeza mnunuzi, nyuki hana habari nao. Nimekubali hoja, ila nje angeweza kuupangusa.

Futi yangu huwa shingoni hata nikienda sokoni, nikapima viunzi. Kwa nyuki wetu upana wa kiunzi unatakiwa uwe milimita 32, kwa sababu ndiyo nafasi wanayojiwekea wenyewe kutoka katikati ya sega moja hadi katikati ya jingine. Wale wa Ulaya, ambao ni wakubwa kidogo, hujengewa vya 35 hivi. Vingi vya huyu fundi vilikuwa 32 sawasawa, vimechongwa vizuri, na katikati ya kila kimoja chini kuna mstari wa nta wa kuwaonyesha pa kuanzia. Lakini mwishoni mwa mzinga nilikuta vichache vya 35. Nikamwonyesha. Akasema, "Hiyo ni milimita tatu tu, mama." Mimi ninayeishi kwa milimita sikupendezwa na jibu hilo. Kumbukeni viunzi hivyo, nitavirudia.

Vazi la kinga alilonipa niseme haraka: zipu ya shingoni imekufa na wavu wa usoni umeshikizwa kwa mshono mmoja. Nyuki akishakutua hupenda kutambaa kwenda juu, kwa hiyo shingo ndiyo pa kwanza kuimarisha. Niliibana kwa pini zangu. Nilimwambia alilete nimrekebishie, hajalileta mpaka leo.

Kuwatia ndani ndiko kulikonifurahisha. Kabla hajagusa tawi, alitoa kwenye ndoo yenye mfuniko kipande cha sega kilichofungwa kwa kitambaa kibichi. Kilikuwa na majana, watoto wa nyuki ambao bado ni weupe, amekikata asubuhi kwenye mzinga wake mwingine. Akataka kukifunga kwenye kiunzi kwa uzi wa nailoni aliokuja nao. Nikamuuliza uzi huo utatolewa na nani. Akacheka, akasema kwa kawaida anatumia pamba lakini imemwishia. Nikamkatia uzi wa pamba wangu. Nyuki wakishaliunganisha sega na kiunzi, pamba huitafuna na kuitoa nje ya mlango. Nailoni ingebaki humo miaka. Kipande hicho cha majana ndicho kamba ya kuwafungia nyuki wetu, ambao wana sifa ya kuhama kwa sababu ndogo. Mzinga mtupu wataukimbia, watoto hawawaachi kirahisi, hata kama si wa kuwazaa wao.

Akalinyunyizia kundi maji kidogo, manyunyu tu, likajikaza. Moshi alipuliza mara chache sana. Bomba lake lilikuwa na magunzi ya mahindi na mavi makavu ya ng'ombe, moshi wa baridi. Akatoa viunzi vya katikati, akaleta mzinga chini ya tawi kwenye meza yangu ya kukatia vitambaa, akalishika tawi kwa mikono miwili na kulitikisa mara moja kwa nguvu. Fungu likaanguka lote, nyuki wengi wakamwagika ndani na wengine pembeni. Akarudisha viunzi taratibu, kimoja kimoja, akiwaachia nyuki nafasi ya kushuka wenyewe ili asiwabane, akafunika.

Kisha hakufanya kitu. Alikaa kwenye kigoda na kutazama mlango. Nikamwambia malkia je, hukumtafuta? Akasema, "Tutaambiwa, mama." Haikuchukua muda, nyuki wakajipanga mlangoni, vichwa vimeelekea ndani, matumbo wameyainua juu, mbawa zinapiga bila kuruka. Pale kwenye ncha ya tumbo kuna tezi inayotoa harufu ya kuwaita wenzao. Waliobaki mezani wakaanza kutembea kuelekea mlangoni, kwa miguu, mamia kwa mamia. Maana yake malkia yuko ndani. Angekuwa amebaki kwenye tawi, wa ndani wangetoka wamfuate. Fundi asiye na subira angeshapakia na kuondoka na boksi la nyuki yatima.

Kuna wanaoweka kizuizi mlangoni chenye nafasi ambazo kibarua, yaani nyuki wa kazi, anapita na malkia hapiti, ili kundi lisiondoke. Nilimuuliza kwa nini yeye hatumii. Akasema madume nao hawapiti, watakufa wameziba mlango, na kama malkia ni bikira hataweza kutoka kwenda kupandwa. Lile fungu lilikuwa kubwa, alihisi lina malkia mzee, lakini akasema kazi ya kuwashikilia yaifanye majana, siyo chuma. Kwa hili nampa alama zote.

Giza lilipoingia akaziba mlango kwa wavu wa chuma. Tambara lingewanyima hewa, na kundi lililofungiwa bila hewa linajipika lenyewe. Tukashika barabara ya Iringa. Shambani kuna mkwaju mkubwa pembeni ya alizeti, na yeye alikuwa ameniagiza mapema nisafishe chini yake. Mzinga ukaning'inizwa kwa waya, urefu wa kifuani kwangu, sio kwake. Alinisimamisha akapima, kwa sababu mimi ndiye nitakayekuwa naufungua. Waya akazipaka grisi nzito ili sisimizi na siafu wasishuke. Kwa nyegere, kuning'iniza kunasaidia kwa sababu hana mahali pa kusimama akausukuma. Mwisho akaegesha tawi lenye majani mbele ya mlango kabla ya kutoa wavu. Asubuhi nyuki wakitoka na kukuta kitu kigeni usoni, huzunguka na kupasoma mahali upya kabla ya kwenda mbali.

Lawama ya pili iko hapa. Waya alizifunga mbili, zote sambamba, na mzinga ukawa unayumba. Anayeijua Dodoma anaujua upepo wake wa kiangazi. Nilimwita mjomba wangu akaongeza waya za kuvuta pembeni. Na paa ni bati tupu lililokaa moja kwa moja juu ya viunzi. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 63 hivi, lakini hulegea mapema zaidi, na sega jipya lililolegea linakatika na kila kilichomo. Kivuli cha mkwaju kinasaidia, ila saa nane jua hupenya. Nimeweka nyasi kavu juu ya bati na gunia juu ya nyasi. Kwa bei ile, nyasi ilikuwa juu yake.

Maelekezo aliyoniachia yalikuwa mafupi na aliyarudia mpaka nikayasema mwenyewe. Nisifungue mzinga wiki ya kwanza, hata nikitamani vipi. Niwawekee maji ya sukari ndani, kilo moja kwa lita moja, sukari nyeupe, wala si sukari guru, kwenye kopo lenye vijiti vya kusimamia wasizame, na nijaze jioni, kwa sababu mchana harufu huwaita wezi kutoka mizinga mingine. Beseni la maji lenye mawe liwe karibu. Na akaniambia jambo ambalo wengi hawaambiwi: nyuki watapungua kwanza. Kibarua huchukua karibu wiki tatu tangu yai mpaka kutoka kwenye tundu, na katika muda huo wazee wanakufa bila wa kuwarithi, hao wachache wa kwenye sega la kuazima hawatoshi. Nisingejua hilo ningempigia simu kila siku.

Dalili aliyonipa ya kusubiri ni chavua. Nyuki wakianza kuingia na vifurushi vya rangi miguuni, kuna kinywa cha kulisha. Alizeti ilikuwa imechanua, kwa hiyo vifurushi vilikuwa vya njano iliyokolea, vinaonekana hata bila miwani.

Alirudi kukagua kama tulivyokubaliana, na safari hiyo alifika kwa wakati. Pesa ilikuwa inamngoja, nadhani. Akafungua kutoka mwisho, kiunzi kimoja baada ya kingine, akainua sega jipya jeupe akiligeuza jua liwe nyuma ya bega lake. Kwa miwani yangu ya kutungia sindano niliyaona: mayai meupe yamesimama chini ya matundu, moja kila tundu. Akanieleza kwamba mawili matatu kwenye tundu moja ni dalili mbaya, huenda malkia hayupo na vibarua ndio wanaotaga, na hao huzaa madume tu. Kwenye sega lililofuata kulikuwa na majana yenyewe, yamejikunja. Uzi wangu wa pamba haukuwepo tena.

Nikatoa simu nilipe. "Na ya kutolea, mama." Nikaongeza ya kutolea.

Sasa vile viunzi vya 35. Alipofika mwisho wa mzinga, masega mawili yalikuwa yamejengwa mshazari, yameanzia kiunzi kimoja na kuishia kingine, huwezi kuinua hiki bila kupasua kile. Milimita tatu tatu zikijumlishwa, mstari wa nta hauko tena pale nyuki wanapotaka sega lianzie. Aliyakata kwa kisu na kuyanyoosha taratibu, bahati yalikuwa bado matupu. Akaahidi kuleta viunzi vya kubadilisha. Hapo ndipo alipogeuka fundi wa kawaida: simu hapokei, akipokea yuko Kondoa, kesho yuko Manyoni. Vililetwa mwishowe na kijana wa bodaboda, vikiwa 32, lakini baada ya mimi kuchoka. Ukishamlipa yote, nguvu yako kwake imekwisha. Ningeshauri mtu abakize kidogo mpaka ukaguzi wa pili.

Nani amchukue? Mwenye shamba lenye kivuli na maji, aliye tayari kwenda mwenyewe kutazama mlango wa mzinga. Kama unataka tu nyuki waondoke kwenye paa lako na hutaki kuwafuga, mwambie, atawachukua kwa bei ndogo zaidi akawaweke kwake. Kama umeshaambiwa utalina asali baada ya mwezi, aliyekuambia hivyo si yeye. Mimi sijalina na msimu huu sitalina. Mvua zetu zikikatika mwezi wa nne au wa tano, maua hupungua mpaka mwisho wa mwaka, na kundi changa lisilo na akiba litaondoka na makosa yatakuwa ya aliyelina. Kwa ushauri wa bure, ofisi ya halmashauri ina afisa ufugaji nyuki. Nilikwenda, nikapokelewa vizuri, na aliyoniambia kuhusu kivuli na maji hayakupingana na ya fundi.

Kwa kuwafanya nyuki wakae nampa tano kwa tano. Kwa useremala tatu. Kwa simu, moja, na hiyo moja ni kwa sababu ya lile swali la kwanza.

Nimeshamwagiza mzinga wa pili, tuutundike mtupu kabla ya mvua ujaribu kuvuta wasafiri wengine. Mzinga alete yeye, ukiwa na madoa yake ya nta. Viunzi anachonga seremala wa hapa Majengo, na navipima kimoja kimoja kabla sijatoa pesa.